Uza gunia Julai, nunua kiroba Januari: hesabu inayomla mkulima

KILA mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, barabara zinazotoka Ruvuma, Rukwa, Songwe na Njombe hujaa malori ya mahindi. Vijijini huo ndio msimu wa fedha. Madeni ya mbolea yanalipwa, sare za shule zinanunuliwa, harusi zinafungwa, na mabati yaliyosubiriwa tangu mwaka juzi yanapanda juu ya nyumba. Miezi sita baadaye, Desemba ikiwa imekwisha na mvua zimeshika, baadhi ya wakulima walewale waliopakia magunia huonekana dukani wakipimiwa unga kilo mbili mbili, tena kwa bei ambayo hata mtu wa mjini analalamikia.

Tunapozungumzia kubana matumizi ya chakula, wengi humfikiria mfanyakazi wa mjini mwenye orodha yake ya manunuzi mwisho wa mwezi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kaya zinazoumia zaidi ni za wakulima na wafanyabiashara wadogo, watu ambao kwa kazi zao wamekaa karibu kabisa na chakula. Mwenye mshahara anajua fedha yake imekwenda wapi, au walau anajua ilikuwa kiasi gani. Mkulima na mwenye duka chakula chao hakina risiti, na kisicho na risiti hakionekani kama gharama.

Tuanze na mkulima. Bei zitakazotumika hapa ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake za msimu huu, kwa sababu bei za nafaka hubadilika kutoka wilaya hadi wilaya na kutoka wiki hadi wiki.

Mkulima amevuna magunia 10 ya mahindi. Mwezi Julai gunia la kilo 100 ni Sh50,000, naye ana ada na madeni, hivyo anauza yote na kupata Sh500,000. Januari ghala ni tupu. Gunia limefika Sh80,000, na familia inahitaji magunia manne kuivusha hadi mavuno mapya. Atatoa Sh320,000. Magunia manne yaleyale aliyauza kwa Sh200,000. Amepoteza Sh120,000, na hapo hatujahesabu nauli ya kuyafuata sokoni.

Hesabu hiyo inaweza kutazamwa kwa namna nyingine, ambayo pengine inauma zaidi. Mkulima huyo mwezi Julai alipokea Sh200,000, na mwezi Januari akazirudisha zikiwa Sh320,000. Huo ni mkopo wa miezi sita kwa riba ya asilimia 60. Kikundi cha kuweka na kukopa kinachotoza asilimia 5 kwa mwezi, ambacho wanachama wake hulalamika kwamba riba ni kubwa, kingemdai asilimia 30 kwa muda huohuo. Kumbe kukopa ili kulipa ada, na kuacha magunia manne ndani, kungemgharimu nusu ya alichopoteza.

Wapo watakaosema kwamba mkulima hauzi kwa ujinga, anauza kwa shida. Ni kweli kabisa. Ada haisubiri Januari, na mwenye deni la mbolea hasubiri hata Agosti. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kuuza kwa shida na kuuza kwa sababu lori limefika na jirani anapakia. Wakulima wenye uzoefu hutenga chakula kwanza, kabla dalali hajaonyeshwa ghala, kisha ndipo hupanga kitakachouzwa. Shida ikizidi, huuza kuku, mbuzi, alizeti au maharage kabla ya kugusa magunia ya nyumbani. Mahindi ya chakula yakichanganywa na ya biashara kwenye rundo moja, ya biashara ndiyo hushinda.

Magunia mangapi yanatosha?

Jambo hili kaya nyingi hukisia. Njia rahisi ni kupima unga unaotumika kwa wiki moja, kwa mizani au hata kwa kopo lile lile kila siku, na kuzidisha kwa 52. Tuchukue familia ya watu sita inayopika ugali wa kilo moja na nusu kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 45, kwa mwaka kilo 540 za unga.

Lakini kilo 540 za unga si lazima ziwe kilo 540 za mahindi. Familia ikila dona, karibu kila kilo inayoingia mashineni hutoka ikiwa unga, hivyo magunia matano na nusu hivi yanatosha. Ikila sembe, mahindi yanakobolewa kwanza, na sehemu kubwa hubaki kuwa pumba. Mashine ikitoa kilo 75 za sembe kwa kila kilo 100 za mahindi, familia hiyo itahitaji kilo 720, zaidi ya magunia saba. Tofauti ya kilo 180 ni fedha, na juu yake kuna gharama ya kukoboa. Mwenye kuku au nguruwe anaweza kuirudisha kwa pumba. Asiye na mifugo, anayeziacha pumba mashineni, huwa amemwachia mwenye mashine chakula alichokilima mwenyewe.

Dona ina kasoro yake. Kiini cha punje kina mafuta, na unga uliosagwa pamoja nacho huanza kuchacha mapema na kuwa mchungu, wakati sembe hukaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo anayekula dona asisage gunia zima kwa mara moja eti kuokoa safari. Asage debe moja moja.

Adui ndani ya ghala

Kutenga magunia bila kuyalinda ni kuwatengea wadudu. Wazee wa Tabora wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 alipoingia mdudu mgeni, mweusi kwa rangi ya kahawia, asiye na simile na mahindi wala muhogo mkavu. Asili yake ni Amerika ya Kati. Wataalamu wanamwita dumuzi. Wananchi walimpa jina la Scania, kama lile lori, kwa jinsi alivyokuwa akisomba nafaka. Tangu hapo amesambaa nchi nyingi za Afrika, na ndiye anayewafanya wakulima wengi waseme ni bora kuuza kwa bei ya hasara kuliko kubaki na unga wa mdudu.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ila siku hizi inapungua nguvu kwa sababu ya mifuko isiyopitisha hewa. Unaofahamika zaidi ni ule wa PICS, uliobuniwa miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wenzao wa Kameruni, kwa ajili ya kunde. Una mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba cha kawaida nje. Ukifungwa vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa ya oksijeni, huacha kula na kuzaana, na hatimaye hufa. Hakuna dawa inayochanganywa na chakula.

Mifuko hiyo hushindwa pale watu wanapofanya haraka. Kwanza kabisa mahindi yawe makavu. Kipimo cha nyumbani ni chumvi: chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, jaza punje mpaka theluthi ya chupa, tikisa kwa dakika kadhaa kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hapo yaanike siku moja au mbili zaidi, maana kwenye mfuko usiopitisha hewa asilimia 13 ndiyo salama. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo.

Pili, kila mfuko wa ndani upulizwe upepo kuona kama una tundu, ujazwe, hewa ikamuliwe, na ufungwe peke yake kwa kamba kabla ya kufunga unaofuata. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya wadhibitiwe. Tatu, na hapa ndipo akina mama wengi hukosea, mfuko usifunguliwe kila siku kuchota. Kila ukifunguliwa hewa inaingia upya. Fungua mmoja, maliza huo, ndipo uende kwenye wa pili.

Tukirudi kwenye hesabu yetu, tuseme mfuko mmoja ni Sh5,000. Magunia manne yatahitaji Sh20,000, na mfuko usiotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja. Ukiondoa gharama hiyo kwenye Sh120,000, bado kuna Sh100,000 ndani ya nyumba.

Kwa anayetumia dawa ya unga, ainunue kwenye duka la pembejeo lililosajiliwa na aheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti. Dawa ya kupimiwa kwenye karatasi sokoni isiguse chakula.

Suala la ukavu si la kuokoa fedha tu. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Nchini Kenya mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hapa nyumbani mwaka 2016 mlipuko wa namna hiyo uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mahindi yaliyoota ukungu hayana bei nafuu, hata ukipewa bure.

Lipo angalizo moja. Kuhifadhi chakula ni tofauti na kuhifadhi ili kusubiri bei. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ikaanguka, na wengi waliokuwa wamejaza maghala wakitarajia faida walijuta. Aliyekuwa ametenga magunia ya kula tu hakuguswa. Alikula mahindi yake kama kawaida.

Ya robo robo

Sasa tumgeukie anayenunua kila kitu. Mjini, na hata kwenye vituo vidogo vya barabarani, duka la mtaani ndilo ghala la wengi. Kwa Mangi unapata mafuta ya kupima, sukari robo, majani ya chai ya kifuko na sabuni iliyokatwa kipande. Hakuna anayenunua hivyo kwa kupenda. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Mwenye duka naye si mwizi: anavunja mzigo mkubwa, anapoteza kidogo kwenye kipimo, anakopesha, na anafungua mpaka saa nne usiku.

Pamoja na hayo, kipimo kidogo ndicho ghali kuliko vyote dukani. Tuseme dumu la mafuta la lita 20 linauzwa Sh100,000 kwa jumla, yaani Sh5,000 kwa lita. Lita moja iliyofungwa ni Sh6,000. Kipimo cha sehemu moja ya kumi ya lita ni Sh700, maana yake mnunuzi analipa Sh7,000 kwa lita bila kujua. Familia inayotumia lita nne kwa mwezi inatoa Sh28,000 mahali pa Sh20,000. Kwa mwaka tofauti ni Sh96,000, na hapo ni mafuta peke yake. Sukari, mchele na sabuni havijaguswa.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba watu wanunue kwa jumla. Ni ushauri mzuri kwa mwenye Sh100,000 mkononi. Kwa asiyenayo ni maneno tu. Zaidi ya hapo, dumu la lita 20 kwa familia moja litakaa miezi mitano, mafuta yanaweza kuharibika, na kila mwanamke aliyewahi kuweka dumu jikoni anajua kwamba mkono huwa mwepesi mafuta yakiwa mengi. Nyumba inayotumia lita nne ikianza kutumia sita, faida yote ya jumla imekwenda na moshi.

Kinachofanya kazi ni majirani wanne au watano wanaoaminiana kuchanga. Dumu moja kwa kaya nne ni lita tano kila mmoja, kwa Sh25,000. Mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa kaya tano ni kilo 10 kila mmoja. Vikundi vya upatu na vicoba tayari vinakutana kila wiki. Badala ya mzunguko wote kuwa wa fedha, mzunguko mmoja kwa mwezi unaweza kuwa wa bidhaa. Mgawanyo ufanyike siku hiyohiyo, mbele ya wote, kwa mizani na chupa zinazofanana. Vikundi vingi vya namna hii huvunjwa na chupa moja iliyopungua kuliko na fedha.

Anayeanza akiwa peke yake aanze na kitu kimoja. Achague kile anachonunua mara nyingi zaidi, tuseme sukari, na kila siku aweke pembeni Sh200 mpaka anunue kilo tano kwa pamoja. Ile tofauti anayookoa isirudi mfukoni, iwe mtaji wa kitu cha pili.

Debe si kilo

Ukifika soko kubwa, iwe Tandale kwa nafaka za Dar es Salaam au Kibaigwa kule Kongwa, bei ya chini isikupofushe. Uliza unapimiwa kwa nini. Kwa mazoea ya sokoni debe sita hujaza gunia la kilo 100, lakini debe ni kopo, na kopo hubonyezwa ubavu, huwekewa kitako ndani, au hujazwa kwa namna ambayo katikati panabaki wazi. Sado na kisado navyo havifanani soko na soko. Anayenunua kwa kilo, kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, anajua alicholipia. Mwenye kununua mara kwa mara atapata faida kwa kuwa na kimzani chake kidogo cha kuning'iniza. Wenye maduka wakikiona mara moja, mara ya pili hupima vizuri wenyewe.

Mkulima anayeuza viazi au vitunguu kwa lumbesa anafahamu upande wa pili wa shilingi hiyo. Kilembwa kilichoshonwa juu ya gunia ni chakula cha nyumbani kwake kinachoondoka bure.

Wanaosafiri wana nafasi nyingine. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, mchele wa Kyela au Ifakara na viazi vya Njombe ni nafuu vinapotoka, na mwaka 2017 ushuru wa mazao yasiyozidi tani moja yanayovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ulifutwa. Ila uliza kwanza gharama ya mzigo kwenye basi. Gunia lililookoa Sh15,000 Iringa likitozwa Sh12,000 njiani na mbebaji wa stendi akadai Sh3,000, umefanya kazi ya utingo bila mshahara.

Duka linalolisha nyumba

Mwenye duka au genge ana tatizo ambalo yeye huliona kama neema. Chakula kipo rafuni. Asubuhi mtoto anatumwa kuchukua sukari, mchana mama anachukua unga na mafuta, jioni kipande cha sabuni na kiberiti. Kwa bei ya kununulia, tuseme vinafika Sh4,000. Kwa mwezi ni Sh120,000. Mwisho wa mwaka mwenye duka anasema biashara haina faida, mtaji umekatika, pengine kuna mkono wa mtu. Mkono upo, ni wa nyumbani kwake.

Kula dukani si kosa. Yeye ananunua kwa jumla, hivyo chakula chake ni nafuu kuliko cha jirani yeyote, na asipokichukua hapo atakinunua wapi? Kosa ni kutoandika. Liwepo daftari la nyumba, tofauti na daftari la wateja wa mkopo, na kila kinachotoka kiandikwe kwa bei ya kununulia. Ajipangie kiasi kwa mwezi, kama mshahara, na kila Jumamosi jumla ya daftari ikatwe humo. Kikiisha kabla ya mwezi, nyumba inabana, duka halibani. Wiki ya kwanza itakuwa na manung'uniko, hasa kutoka kwa watoto waliozoea biskuti.

Muuza genge naye nyanya zilizoanza kulegea azipeleke jikoni mapema zikiwa bado zinafaa, badala ya kupika zile nzuri na kutupa zilizooza kesho yake. Wagogo wa Dodoma kwa miaka mingi wamekausha mlenda na majani ya kunde wakati wa mvua na kuyala kiangazi chote. Mboga ya masika ikiwa ya kumwaga sokoni, kuinunua nyingi, kuichemsha kidogo na kuianika kivulini ni kazi ya siku moja.

Mwisho ni mkaa, ambao watu hawauhesabu kama chakula ilhali hauna kazi nyingine. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko yaliyotupwa chunguni makavu. Yapikwe ya siku mbili kwa moto mmoja, yaungwe nusu nusu, na yale yanayobaki yachemshwe tena usiku kabla ya kulala ili yasichachuke. Kopo la mkaa linalobaki lihesabiwe pia kwenye lile daftari.